Klaudi Imeniua, na Bado Niko Kazini

Bel-Air, Lubumbashi

Kwa Bwana Édouard Lusenge,
Mkurugenzi Mkuu wa Maison Lusenge na Wana, Biashara ya Jumla na Usafirishaji,
Nyumbani kwake, Karavia, Lubumbashi

KUHUSU: KUFARIKI KWANGU

Bwana Mkurugenzi Mkuu, Papa Édouard,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa marehemu. Najua si kawaida mtu aliyefariki kumwandikia mwajiri wake, na naomba uamini kwamba sikukimbilia karatasi kwa kiburi. Nilijaribu njia zote za kisasa kwanza. Simu yangu ya kazi imefungwa kwa sababu mwenye nayo amekufa. Barua pepe yangu inasema hakuna mtu kama mimi. Ile programu mpya ya kuombea miadi na wewe ilinijibu kwa upole mwingi kwamba nafasi yangu imefutwa, na ikanitakia siku njema. Basi nimechukua kalamu ya bluu, na Nafisa wa sekretarieti atakuletea barua hii mkononi mpaka Karavia, maana yeye kwenye kompyuta bado anapumua.

Mimi ni Kasereka wa Magari, mkuu wa malori katika depo yetu ya Bel-Air. Unanijua vizuri. Wewe ndiye uliyenisimamia kwenye ndoa yangu, ukahutubia kwa muda mrefu, kisha ukala paja zima la mbuzi bila msaada wa mtu.

Kabla sijalalamika nitaje chanzo, ili isionekane nachukia maendeleo. Makao makuu yetu yalikuwa Goma, na mashine kubwa iliyohifadhi mambo yote ya ofisi, bidhaa, malori na majina ya wafanyakazi, ilikaa kwenye chumba nyuma ya meza yako. Mabomu yalipoanza kusikika upande wa Sake, uliagiza kila kitu kihamishiwe kwenye klaudi, yaani kwenye kompyuta za kukodi za watu walio mbali sana, ambao hatuwajui na wao hawatujui, sisi tukizifikia kwa mtandao. Sikupinga. Nyumba ikishika moto mtu hutoa vitu nje. Goma ikaanguka, wewe ukapata ndege, na hesabu zetu zikaokoka zote mpaka mfuko wa mwisho wa chumvi. Watu ndio hawakuhamishwa. Somo yangu, Kasereka wa Depo, mtunza ghala letu la Goma, alibaki na funguo, na tangu siku zile hakuna hapa aliyesikia sauti yake. Hilo ndilo linaloniuma, na nitalifikia. Lakini wewe unapenda utaratibu, kwa hiyo nitalalamika kwa namba.

1. Nalalamika kwamba nilichanganywa na watu wengine bila kuulizwa.

Wewe na mimi ni Wanande. Kwetu mtoto wa kiume wa tatu anaitwa Kasereka, awe mwerevu au mjinga, azaliwe Butembo au Ubelgiji, na hakuna anayeombwa maoni. Kampuni yako imejaa watoto wa kiume wa tatu. Kuna Kasereka wa Depo, Kasereka wa Matairi, Kasereka wa Mpakani anayeshughulika na forodha kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, Kasereka Mrefu, Kasereka ambaye si Mrefu, na mimi wa Magari. Hatukuwahi kuchanganywa hata siku moja. Ulikuwa unasimama uani unaita "Kasereka!", tunageuka wote, unamkazia macho unayemtaka, na wengine tunaendelea na kazi. Huo ndio uliokuwa mfumo wetu, na haukuhitaji umeme.

Bénit hakuujua mfumo huo. Ni fundi hodari wa kompyuta, amesoma mbali, lakini ni mtoto wa pekee kwa mama yake, na habari za mtoto wa tatu hana pa kuzipata. Alipokuwa akihamisha majina yetu, kompyuta ilimwonya kwamba kuna Kasereka mmoja aliyeandikwa mara nyingi kwa makosa, ikamwomba ruhusa ya kusafisha. Akaitoa. Kwa kidole kimoja, wanaume wazima wenye ndevu na vitambi tukawa mtu mmoja. Nimeliona faili la mtu huyo kwa macho yangu. Anaishi Goma, Butembo, Kasumbalesa na Bel-Air kwa wakati mmoja. Anaendesha lori, analitengeneza, analipakia, analivusha mpaka na kulipokea. Ana wake wanne, maana wawili kati yetu bado hawajaoa. Chini kabisa klaudi yenyewe imeandika kwamba mfanyakazi huyu anafanya kazi kupita kiasi na anastahili kupumzishwa. Sasa amepumzishwa, na sisi wote pamoja naye.

2. Nalalamika juu ya namna nilivyokufa.

Jina la Kasereka wa Depo ndilo lililotangulia, kwa hiyo sote tulining'inizwa kwenye akaunti yake. Klaudi ina sheria kwamba mfanyakazi asiyeonekana kwenye mfumo kwa muda mrefu lazima afungwe. Kasereka wa Depo hakuonekana. Goma haikuwa na umeme wala mtandao, na hata kama ungekuwapo, sidhani kama angeacha kujilaza chini ya meza aende kubonyeza kwamba amefika kazini, huku risasi zinatoboa bati.

Basi mashine ikamwambia Bénit amfunge mtu huyo na aseme sababu. Ikampa sababu nne tu: amestaafu, ameacha kazi, amefukuzwa, amefariki. Bénit alizipima kwa dhamiri. Kustaafu, umri haujafika. Kuacha kazi ingekuwa uongo. Kumfukuza baba wa watu kwa kosa la kukutwa na vita aliona ni utovu wa adabu, na mama yake hakumlea hivyo. Kwa heshima zote akachagua "amefariki".

Nilipomwendea alisimama, akanipa kiti chake, akaniambia huku anaangalia viatu vyake, "Papa, miye sikukuua. Ni système njo ilifanya." Nikamwomba basi aiambie hiyo système inikubali tena. Akasema inawezekana kabisa, ila mwenye mamlaka ya kuthibitisha kwamba niko hai ni mkuu wa idara yangu. Mkuu wa idara yangu ni mimi. Bénit akaniuliza kama nitakunywa maji.

3. Nalalamika kwamba kazi nayo imekufa.

Siku hizi lori haliondoki mpaka nibonyeze idhini kwenye simu, na idhini ya marehemu haipokelewi. Malori yaliyokuwa tayari njiani yalifika Kasumbalesa na samaki wa chumvi, yakamkuta Kasereka wa Mpakani naye amefariki, siku ile ile na kwa ugonjwa ule ule. Marehemu mmoja ametuma mzigo, marehemu mwenzake amezuiwa kuupokea, na jua la pale mpakani unalijua. Dereva Chileshe akanipigia kwa simu yake binafsi: "Chef, tunasikia banasema ulikufa. Tunakupa pole sana. Sasa hii samaki tunaipeleka kwa nani?" Najua pole hupewa wafiwa, lakini nilimshukuru. Yeye alikuwa mtu wa kwanza tangu kifo changu kuniomba ushauri.

Sasa hivi depo yote inaendeshwa kwa magendo. Tunaruhusu malori kwa kupiga miluzi getini, na mizigo tunaiandika kwa chaki ukutani kisha tunafuta kwa kitambaa, tusije tukakamatwa tunafanya kazi. Nafisa aliposoma kwenye kioo chake kwamba nimekufa alisema Inna lillahi kama mama yake alivyomfundisha, halafu akaniuliza kama chai yangu ainywe yeye au aniachie. Wewe kule Karavia unaangalia simu yako, unaona hakuna gari linalotembea, unasikitika kwamba vita vimeharibu biashara. Hapa Bel-Air si vita, Bwana Mkurugenzi. Hapa ni orodha yako.

4. Nalalamika kwa niaba ya ndoa yangu, ambayo wewe ni msimamizi wake.

Klaudi ilituma ujumbe wa rambirambi kwa jamaa wa karibu wa Kasereka, na kwa kuwa Kasereka ni sisi sote, ujumbe ulikwenda kwa jamaa zetu sote. Mke wangu Abigaëlle aliupata sokoni. Aliangusha kapu, akalia mpaka wauza samaki wakamshika mikono, akarudi nyumbani akiwa amebebwa na wanawake watatu. Akanikuta barazani ninakula bukari, ugali wetu wa huku, na mboga za majani. Alinikumbatia. Kisha akanipiga na mwiko. Kisha akanikumbatia tena, na mpaka hapo sina lalamiko, kwa kuwa hayo yote yalitoka moyoni.

Lakini alipotulia aliusoma ujumbe mpaka mwisho. Mwishoni klaudi ilikuwa imewataja wajane wote wanne kwa majina na kuwaomba wafarijiane. Akainua macho taratibu. "Bale babibi batatu bengine ulibaficha wapi?" Nilimweleza habari za mtoto wa tatu, za kompyuta, za kusafisha majina. Nilipokuwa nikieleza nilijisikia mwenyewe ninavyodanganya, ingawa kila neno lilikuwa kweli. Hakuna mwanamume duniani aliyewahi kujitetea kwa maneno yale akaaminiwa. Nalala kwenye kochi. Nilipokuwa hai mke mmoja alinitosha na kunizidi, na sasa nimekufa nikiwa na wanne na hakuna hata mmoja anayenipikia.

5. Nalalamika kwamba nilihudhuria kilio changu mwenyewe na kilinichosha.

Kabla Abigaëlle hajafika nyumbani siku ile alikuwa ameshawapigia simu ndugu zake wa Lukafu. Unawafahamu watu wa Lukafu kwa mambo ya kilio, hawachelewi. Walifika na gari la mahindi, mbuzi, masufuria, turubali, na nyimbo. Nikatoka getini kuwapokea na kuwaambia kwamba ni makosa, warudi salama. Baba mdogo wa mke wangu, Mzee Mukuka, alinitazama kutoka utosini mpaka kwenye ndala, akatikisa kichwa, akamwambia mwenzake, "Kuko bantu banakufaka lakini banakatala kukubali." Wakanipita, wakafunga turubali.

Huwezi kuwarudisha watu waliokwisha kuchinja. Waliketi, wakalia vizuri, na mimi nikaambiwa nikae mbele pale panapowekwa sanduku, maana viti vingine vilikuwa vya wafiwa. Na unajua desturi ya huku, kwamba wajukuu na watani wana haki ya kumwigiza marehemu kwenye kilio chake, kumcheka na kumtukana, na hakuna wa kukasirika. Kijana wao mmoja, Kalaba, aliingia chumbani kwangu bila hodi, akavaa koti langu la kazi, akajaza mto tumboni, akatoka anatembea kama mimi, anawafokea madereva wasioonekana, anavuta suruali juu kila baada ya hatua mbili, anahesabu matairi ya lori lililokwisha kuondoka. Watu walicheka mpaka wakalia upya. Mke wangu, ambaye hakuwa amenisemesha tangu mchana, alicheka hadi akalala kwenye mkeka. Nilisimama kusema kwamba sivuti suruali namna ile. Mzee Mukuka akaniashiria nikae, kwa sababu marehemu hajibu.

Mbaya zaidi, hawaondoki. Wanasema kilio kisichokuwa na maziko ni aibu kwa ukoo, na wako tayari kungoja. Kila asubuhi wananisalimia kwa heshima na kuniuliza ninajisikiaje.

6. Nalalamika juu ya jeneza.

Kanuni za kampuni zinampa mfanyakazi aliyefariki jeneza la mbao nzuri. Mimi sikuomba, lakini klaudi haingoji kuombwa linapokuja jambo la haki za wafanyakazi, na jeneza lililetwa kwangu likiwa na jina letu. Lilichongwa kwa urefu wa wastani wa Kasereka wote. Kwangu linapwaya, na nimempigia Kasereka Mrefu ambaye ameapa kwamba miguu yake haitaingia hata ikikunjwa. Naomba ijulikane kwamba kampuni hii imefanikiwa kutengeneza jeneza lisilomfaa mtu yeyote. Kwa sasa Abigaëlle anatunzia humo unga wa mahindi.

7. Nalalamika juu ya barua yako.

Siku ya tatu ya kilio ulifika ujumbe kutoka kwako, wenye nembo ya kampuni, sahihi yako, na picha yako ile ya siku ya kuzindua ghala, umefungua kinywa unacheka. Mzee Mukuka akaomba usomwe mbele ya watu wote. Nafisa akausoma. Ulianza hivi: "Mpendwa weka jina la marehemu hapa." Uliendelea kusema kwamba weka jina la marehemu hapa alikuwa mtu wa kipekee asiyeweza kusahaulika. Watu wa Lukafu walipiga makofi, wakidhani ni jina langu la ubatizo.

Nilicheka, Papa Édouard, sikufichi. Nilicheka pamoja nao. Kisha nikakumbuka kwamba ujumbe ule ule, na nembo ile ile, na kinywa kile kile kilicho wazi, umekwenda Goma.

8. Nalalamika juu ya Kasereka wa Depo, na hapa sina mchezo.

Mtandao uliporudi Goma kwa muda mfupi, ujumbe huo na rambirambi ya klaudi viliingia pamoja kwenye simu ya mke wake, Émerance. Yeye hakuwa na mume barazani anayekula bukari. Mume wake hajarudi nyumbani tangu siku risasi zilipoingia mjini. Alikuwa amekaa na watoto, mlango umefungwa, anangoja, na kitu cha kwanza kilichomfikia kutoka kwa kampuni ambayo mume wake ameilinda maisha yake yote kilikuwa ni pole yenye picha yako. Alimpigia Abigaëlle. Mimi nilikuwa karibu, nikamsikia. Hakulia. Alisema tu, "Muniambie alikufia wapi, niende kumuchukua." Mtandao ukakatika kabla hatujamjibu, na tangu hapo haupatikani. Wasafiri waliotoka huko wanasema ametandika mikeka, majirani wanakuja, anaombolezewa mtu ambaye hakuna aliyemwona ameanguka.

Mimi na Kasereka wa Depo tulianza kazi kwako pamoja, tukipakia maharage kwa mgongo. Tunaitana majina, kama watu wa jina moja wanavyoitana kwetu. "Majina, umeamkaje?" Kila asubuhi, yeye Goma na mimi hapa, kabla ya kuulizana habari za mzigo. Ni mwoga wa mbwa, ni bingwa wa kuimba vibaya, na funguo za ghala anazivaa shingoni hata akienda kanisani. Nimemngoja kila siku. Nakasirika, Papa Édouard. Nakasirika sana. Sisi tulio kama damu yake hatujathubutu kusema kwamba amekufa, na mashine isiyowahi kumsikia akiimba imesema kwa sababu haikuwa na neno lingine la kuchagua.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo.

Kwanza, klaudi iondolewe, na mambo ya ofisi yarudishwe kwenye mashine ya chuma iliyo ndani ya nyumba yetu, hapa Bel-Air, mahali ninapoweza kuifikia na kuipiga teke. Kama klaudi haiwezi kuondolewa, basi wenye zile kompyuta waje Lubumbashi, wakae chini ya turubali na Mzee Mukuka, na wamweleze wenyewe.

Pili, kwenye zile sababu nne iongezwe ya tano, iandikwe kwa herufi kubwa: TUNAMNGOJA. Siku hizi nchini mwetu hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kutoonekana, na kampuni ya kisasa inatakiwa kuijua.

Tatu, tufufuliwe sote mara moja. Bénit amehangaika, nakiri, na amepata njia ya kumtenganisha kila Kasereka na mwenzake na kuturudishia uhai kwa kubonyeza mara moja. Kinachongojwa ni idhini yako tu kwenye simu. Ukishaitoa, klaudi yenyewe itawaandikia jamaa wote kwamba Kasereka yu hai na amerudishwa kazini, kwa nembo ya kampuni na sahihi yako. Nataka ujumbe huo ufike hasa kwenye simu ya Émerance, wakati wowote mtandao utakapofunguka, usubiri pale pale mlangoni mpaka uingie. Aliyemvisha huyu mama nguo nyeusi ni kampuni, na kampuni ndiyo imvue.

Nimemaliza. Nisalimie Mama na watoto, na mlinzi wako wa getini ambaye huniita mkubwa hata nikiwa na vumbi. Nafisa anakusalimu. Bénit anakusalimu na anaomba radhi. Abigaëlle hakusalimu, lakini hilo litapita. Watu wa Lukafu wanakusalimu wote, na wanauliza maziko ni lini.

Ni mimi, mtumishi wako mtiifu enzi za uhai wangu na hata sasa,

Marehemu Kasereka wa Magari

Baada ya sahihi:

Bwana Mkurugenzi, usibonyeze. Soma hapa kwanza, kisha uweke simu chini.

Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, Nafisa amevaa viatu vya kwenda kwako, simu ya Abigaëlle ikalia kwa namba ya Tanzania. Nikaipokea. "Majina, ni miye. Niko muzima. Usilalamike kwa nguvu, bantu batasikia."

Yuko Tunduma. Anapanda basi kuvuka Zambia, atatokea Kasumbalesa. Alinieleza kwa haraka, nami nakueleza vivyo hivyo. Wenye bunduki walikuwa wakimtafuta kwa jina, nyumba kwa nyumba, awafungulie ghala na awaonyeshe njia za malori yetu. Alikuwa amejificha kwenye dari ya jirani. Walipofika kwake walimkuta Émerance kwenye mkeka anaomboleza, na alipoulizwa mume wake yuko wapi akawapa simu. Wakasoma rambirambi ya klaudi yenye jina la mume wake, kisha barua yako. Wakaiona nembo, wakaiona sahihi yako. Mkubwa wao akavua kofia, akampa pole, akalifuta jina la Kasereka kwenye orodha yao, na hawakumtafuta tena. Somo yangu alisikia habari za kifo chake kutoka kwa wanawake waliopita chini ya dari wakimsikitikia, akashuka, akavuka mpaka katikati ya watu kama mtu asiyetafutwa na yeyote. Anadhani tulipanga sisi. "Majina, ile akili ilikuwa ya nani? Unimushukurie sana." Nikamwahidi nitamshukuru huyo mwenye akili.

Lakini Émerance na watoto bado wako Goma. Amepelekewa habari kwa siri kwamba mume wake yu hai, na sasa analia kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, kwa sababu kila siku mmoja wa wale watu hupita na kusimama kidogo pale mlangoni. Anatafuta njia ya kutoka. Simu ile ile iko mkekani, wazi, na mtandao unaweza kurudi wakati wowote, na ujumbe wa kutufufua ukiingia watausoma wao kwanza.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yangu yote, la kwanza mpaka la nane, na maombi yote matatu. Klaudi ikae. Bénit asiguse kitu. Nafisa atasimama mbele yako mpaka umalize mstari huu, na usipomwonyesha kwamba simu iko mezani ameniahidi ataichukua mwenyewe, na umsamehe mapema.

Nimewapigia Kasereka wengine wote, wa Matairi, wa Mpakani, Mrefu na asiye Mrefu. Hakuna aliyekataa. Tumekubali kubaki marehemu mpaka Émerance na watoto wavuke.